Sahihi ya Jagoda

Bogumiła Sadurska alikuwa mwanamke wa kuhesabika pale katika mji mdogo wa Olszyce. Kwaya alikuwamo, maua ya altare yeye, kufua vitambaa vya sakristia yeye, na ukitaka kujua nani hajaonekana misani Jumapili mbili mfululizo, usimsumbue padri, muulize yeye. Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri hilo lisemwe mapema, maana mbele huko litakuwa gumu kukumbukwa.

Vuli ya mwaka 2017 Padri Zenon alipanda mimbarini akatangaza kwamba sahihi zinakusanywa nchi nzima ili muswada ufike bungeni. Muswada wenyewe ulitaka mwanamke asiruhusiwe tena kutoa mimba hata pale madaktari wanapoona kwamba mtoto ana kilema kisichopona. Kila mkusanyaji alete sahihi mia mbili, alisema padri. Bogumiła akanyoosha mgongo pale pale kwenye benchi. Jumapili iliyofuata alikuwa amekwisha weka meza yake mlangoni mwa kanisa, kitambaa kakidarizi mwenyewe, kalamu mbili kazifunga uzi kwenye mguu wa meza. Watu hawaibi kanisani, lakini kalamu huondoka.

Walipanga foleni wakitoka misa. Jina, anwani, namba ya kitambulisho yenye tarakimu kumi na moja, kisha sahihi. Wengine hawakusoma kilichoandikwa juu. Walimwona Bogumiła, wakaona kitambaa cheupe, ikatosha. Daktari Witold Gajda, mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, alitia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe ya wino, akaikataa ile ya uzi. Bogumiła alitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Ila Jumapili ya mwisho, alipohesabu, zilikuwa mia mbili kasoro moja.

Binti yake Jagoda alikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo, hajaolewa bado, anaishi chumba cha juu na kufundisha watu kuendesha gari. Mdomo wake ulikuwa na makali, na Bogumiła alizoea kusema kwamba ameurithi kwa marehemu baba yake, ingawa mji mzima ulijua ulikotoka. Mchana ule walikuwa mezani na supu ya kuku, na mama akamsogezea karatasi kando ya bakuli.

"Bado wewe tu."

"Mama, ondoa hicho kitu, supu itakimwagikia."

"Tia sahihi kwanza."

"Sitii."

"Teodozja anapeleka mia mbili na arobaini. Mia mbili na arobaini! Mwanamke asiyejua hata kuimba! Na mimi nipeleke pungufu?"

"Basi mwombe akuazime arobaini."

"Jagoda, usinifanyie mzaha. Hao ni watoto tunaowazungumzia."

"Ni mimi unayenizungumzia, mama." Jagoda aliweka kijiko chini. "Mimi na kila msichana ninayemfundisha kuegesha gari. Siku nikiwa na tumbo, na mambo yakienda kombo, nataka tuamue mimi na mume wangu na daktari. Sitaki kuamuliwa na Teodozja. Wala na wewe, usininunie."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana nimekujibu kwa adabu."

Akambusu mama yake kichwani, akachukua funguo, akaenda zake kazini.

Bogumiła alibaki na karatasi na mstari mmoja mtupu. Namba ya kitambulisho ya binti yake aliijua kwa moyo. Mama gani haijui? Inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na alikuwa ameiandika kwenye fomu za kliniki, za shule, za kambi ya likizo, za bima. Aliiandika. Kisha akaandika jina, akaiga na ile J ya Jagoda yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina zima. Ilitoka vizuri mno. Alijiambia kwamba mtoto ataelewa siku atakapopata wake. Jioni ya kutangaza majumuisho Padri Zenon alisoma, "Bi Bogumiła, mia mbili kamili," watu wakapiga makofi, naye akainamisha macho kama inavyotakiwa.

Jambo hilo hakulitaja kwenye kitubio. Aliliona dogo.

Masanduku ya karatasi yakaenda Warszawa, mji mkuu. Bungeni yalikaa, yakasahauliwa, na miaka mitatu baadaye sheria ikabanwa na majaji, si na wabunge. Milango ikabaki miwili: mwanamke awe amebakwa, au mimba iwe inahatarisha uhai wake au afya yake. Hatari ya kiasi gani, na nani aipime, na daktari akikosea kupima anafungwa miaka mingapi? Hayo waliachiwa madaktari wajijazie. Olszyce walisherehekea kwa misa na keki.

Jagoda aliolewa na Radek, fundi wa mapaa, kijana mpole asiyejua kubishana. Mwaka 2021 akapata mimba, na aliitaka mimba hiyo. Asije mtu akasema vingine. Kitanda cha mtoto Radek alikiunda kwa mikono yake. Jagoda alilitania tumbo lake akiliita "mwanafunzi," akaliambia likae wima, likaze mkanda.

Wiki ya kumi na tisa, Jumamosi asubuhi, akiwa ndani ya gari la mafunzo, chupa yake ya uzazi ilipasuka. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani, mtoto wa miaka kumi na minane, hajawahi hata kuingia barabara kuu, ndiye aliyemfikisha hospitali. Jagoda alimwelekeza njia nzima: washa taa ya kulia, punguza, usilie, tazama kioo.

Daktari Gajda alimpima mwenyewe. Aliongea taratibu, kalamu ile ile ya wino mfukoni. Maji yameisha yote, alisema. Mtoto ni mdogo sana, hawezi kuishi nje, na ndani bila maji hawezi kukua. "Lakini moyo wake unapiga," alisema. "Kwa hiyo tunasubiri."

"Tunasubiri nini?" aliuliza Radek.

Daktari alitazama dirishani. "Hali yenyewe ijiamue."

Jumapili Bogumiła alifika na supu ya kuku kwenye chupa ya mdomo mpana iliyofungwa taulo, kama wanavyofanya akina mama wote wenye mgonjwa wodini. Alimkuta Radek korido, kofia mkononi.

"Mama, nataka kumhamisha. Nimepiga simu. Warszawa kuna daktari amesema nimlete leo leo. La sivyo nampeleka Ujerumani, naendesha mwenyewe."

"Saa ngapi hizo barabarani, na hali ile? Umerukwa na akili?"

"Maji yakishaisha wanasema sumu inaweza kuingia kwenye damu. Kila saa inayopita ni mbaya."

"Nani wanasema? Simu yako?" Bogumiła alimshika mkono. "Radek, mwanangu, moyo wa mtoto unapiga. Unajuaje Mungu ana mpango gani? Na Gajda ninamjua miaka ishirini. Ni mtu wa kanisa. Hawezi kutuacha."

Radek alitazama kofia yake. Alikuwa mkwe mwenye heshima, aliyelelewa kutojibizana na mama wa mkewe, na siku ile heshima yake ilikuwa msiba. Akasema, "Haya, mama. Tungoje mpaka kesho."

Jumatatu homa ilipanda. Kila baada ya saa moja mkunga alikuja na kifaa cha kusikilizia, akakibandika tumboni, na chumba kizima kikajaa ule mdundo wa haraka haraka. Kisha anaandika kwenye jalada na kutoka bila kumtazama mgonjwa machoni. Walimpa antibayotiki. Walimpa dawa ya kushusha homa. Daktari hakuligusa tumbo.

"Wanamsikiliza yeye," alisema Jagoda. Midomo ilikuwa imekauka, na mama yake alikuwa akiilowesha kwa pamba. "Hakuna anayeniuliza mimi. Nimewaambia niondoleeni hiki kitu, ninakufa. Unajua yule mkunga amenijibu nini? 'Usifikirie mabaya, dada.'"

"Hufi wewe. Nyamaza, mwanangu, pumzika."

"Nimemlilia mtoto tayari, mama. Jumamosi nimelia, nimemaliza. Sasa nataka kuishi. Ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Kumbe unajua." Alijaribu kucheka, akakohoa. Alifumba macho muda mrefu, Bogumiła akadhani amelala. Kisha akasema kwa sauti ndogo, karibu ya furaha, "Zile karatasi zako za kanisani, unazikumbuka? Nimelala hapa nikizifikiria. Kuna kitu kimoja kinanipa nguvu. Angalau mimi sikutia sahihi. Hili halikutoka mkononi mwangu."

Pamba ilimtoka Bogumiła vidoleni. Alikuwa na nafasi ya kusema. Chumba kilikuwa kimya, walikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi. Aliinama akaiokota pamba, akaenda kuitupa, akachukua nyingine.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wewe hukutia."

Dakika tano baadaye alikuwa ndani ya ofisi ya Daktari Gajda bila kubisha hodi. Yule mwanamke aliyemwomba mkwe wake asubiri sasa alikuwa ameegemea meza ya daktari kwa viganja viwili.

"Mtoe yule mtoto. Sasa hivi. Binti yangu anaungua."

"Bi Bogumiła, kaa."

"Sikai! Sheria inasema uhai wa mama ukiwa hatarini. Uko hatarini! Nenda kamguse paji la uso!"

"Vipimo vya damu vya asubuhi bado viko katikati," alisema Gajda. "Vikipanda kidogo tu, nina haki ya kuingia. Nikiingia kabla, na moyo unapiga, mtu akinishtaki, mwendesha mashtaka ataniuliza: ulijuaje kwamba angekufa? Nitamjibu nini? Kwamba hakufa?"

"Nani akushtaki? Nani hapa?"

Daktari alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa mzee ghafla, mashavu yamemlegea.

"Mtu wa kanisani," alisema. "Mtu mwenye orodha. Mtu anayejua nani hakuja misa."

"Wewe unanijua, Witold."

"Nakujua, Bi Bogumiła. Ndiyo maana nakuogopa. Miaka minne iliyopita ulinishika mkono pale mlangoni ukaniambia: 'Daktari, sasa hakuna atakayewagusa hawa watoto.' Nikatia sahihi, kwa sababu foleni yote ilikuwa inanitazama. Haya. Hakuna anayemgusa."

Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kupiga magoti. Akapiga magoti, kwenye zulia la ofisi, mwanamke wa miaka sitini na moja, akalishika lile koti jeupe. Gajda alimwinua kwa kwapa, akamwahidi vipimo vipya asubuhi, na akamfungulia mlango kwa upole wote.

Jumanne saa nne asubuhi mkunga alibandika kifaa, akakihamisha, akakihamisha tena. Mdundo haukuwapo. Alitoka mbio, na ndipo wodi nzima ikakumbuka kukimbia. Mbio zile zingetosha kabisa Jumamosi. Vitanda vyenye magurudumu, milango, majina yanaitwa, karatasi ya upasuaji ikasainiwa na Radek akiwa amesimama. Kila mtu alijua kazi yake na aliifanya vizuri. Walimwondoa mtoto, baadaye wakaondoa na mfuko wa uzazi, na damu ilikuwa imeshaingia sumu. Jagoda hakuamka kutoka usingizi wa dawa. Alifariki Jumatano, wakati wahudumu wakikusanya sahani za chakula cha mchana.

Magazeti yalipouliza, hospitali ilitoa tamko kwamba kila kitu kilifanyika kwa mujibu wa sheria. Ubaya ni kwamba walikuwa wanasema kweli, au karibu na kweli, na hakuna mtu Olszyce aliyeweza kusema mpaka ulipita wapi.

Alizikwa siku tatu kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, maua ya krisanthemamu yamejaa kila mahali, nusu yake ya makaburi mengine yaliyokuwa yakipambwa kwa sikukuu hiyo. Padri Zenon alisema Mungu amechuma ua lake alilolipenda. Teodozja alikaa benchi la mbele akalia kwa sauti kuliko wafiwa. Radek hakumlaumu Bogumiła kwa mdomo. Wiki moja baadaye alimletea chupa za supu, tatu, ameziosha na kuzikausha, akaziweka mlangoni, akaondoka. Hajarudi tena nyumba ile.

Wakati wa majira ya baridi Bogumiła alienda kutubu. Alilisema lote: mstari mtupu, namba, ile J yenye mkia. Nyuma ya kimia cha kitubio Padri Zenon alivuta pumzi.

"Hilo la sahihi ni dogo, mwanangu. Nia ilikuwa njema."

"Ilihesabiwa, padri?"

"Ipi?"

"Sahihi yake. Kule Warszawa. Walipokagua, waliihesabu?"

"Orodha za parokia yetu zilipita zote, bila dosari hata moja," alisema padri, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Usijitese."

Alimpa sala kumi za kusali. Bogumiła alitoka bila kusali hata moja, akapita kwenye meza iliyobaki pale mlangoni, siku hizi ya kuuzia kalenda, na tangu siku hiyo kiti chake kwenye kwaya kiko wazi.

Masika yake, siku ya gulio, wasichana wawili kutoka Białystok waliweka meza uwanjani kati ya muuza miche ya nyanya na muuza soksi. Walikuwa wakikusanya sahihi za muswada mwingine, wa kuwarudishia wanawake uamuzi juu ya miili yao. Watu wa Olszyce walipita wakitazama nyanya. Mzee mmoja aliwatemea mate karibu na viatu. Wanawake wengine walipunguza mwendo, wakatazama nyuma kuona nani anawaona, wakaendelea. Mpaka saa tano walikuwa na sahihi kumi na nne, na kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa za watu wa mji mwingine waliokuja kununua kuku.

Bogumiła aliwasili na nguo nyeusi na kikapu kitupu. Teodozja alikuwa upande wa pili, kwenye soksi, na mkono wake ukasimama hewani.

"Naweza?" aliuliza Bogumiła.

"Karibu, mama, karibu sana," alisema msichana mwenye nywele fupi, akampa kalamu. Haikufungwa uzi.

Aliandika jina lake, anwani, namba, akatia sahihi. Alifanya taratibu na kwa hati nzuri, na uwanja mzima ukamwona, kama alivyotaka. Kisha hakurudisha kalamu. Akashuka mstari wa pili akaanza kuandika tena. Namba ya kitambulisho hakuhitaji kuifikiria. Jina. Sahihi, na ule mkia mrefu chini yake.

Msichana aliinama. "Huyu ni binti yako, mama? Samahani, kila mtu lazima atie mwenyewe. Mwambie aje, tupo mpaka saa nane."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa? Tunaweza kumfuata nyumbani, si tatizo."

"Yupo makaburini, safu ya nne, karibu na bomba la maji."

Msichana aliufunika mdomo kwa mkono. Mwenzake, aliyesoma magazeti zaidi, alilitazama lile jina kwenye karatasi, na rangi ikamtoka usoni.

"Ni yule Jagoda," alisema polepole.

"Ni yeye. Hii angetia mwenyewe. Alitaka. Aliniambia mezani kwangu, mimi na supu yangu tukasikia."

"Mama, tunaamini," alisema yule wa nywele fupi, macho yamemjaa machozi. "Lakini wakikagua wakikuta marehemu, wataitupa. Wanaweza hata kutilia shaka karatasi nzima, na za wenzake. Hatuwezi kuihesabu. Samahani sana."

"Ya kwanza waliihesabu."

"Ya kwanza ipi?"

Bogumiła aliweka kalamu mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa karatasi. Alimtazama Teodozja kule kwenye soksi, akapaza sauti ili ifike.

"Ile niliyomtilia mimi, akiwa hai, amekataa. Ile ilikuwa halali."

Msichana wa nywele fupi alichukua rula, akaiweka juu ya jina la Jagoda, na akaukata ule mstari kwa uangalifu, mkia na yote.